UZI: Mzee Tyrus Wong, Mchina aliyeingia Marekani na jina la kuazima, akaishi miaka 106 kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake

#1 MtuWaFeri (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Leo naleta habari za mzee mmoja wa Kichina ambaye kazi yake wengi wenu mmeiona tangu utotoni bila kumjua mwenyewe. Ile katuni ya mtoto wa paa, Bambi, iliyotoka 1942: msitu wenye ukungu, mwanga unaopenya kati ya miti, majani ambayo hayakuchorwa moja moja lakini jicho linayaona. Sura ya msitu ule ilitoka kwenye brashi ya Tyrus Wong. Alizaliwa China tarehe 25 Oktoba 1910, akafariki California tarehe 30 Desemba 2016.

Ukimtafuta mtandaoni utakuta kila mahali ni Bambi, Bambi. Mimi mzee huyu namsoma vingine. Kila njia panda aliyoifikia, aliyemfanya akunje huku au kule alikuwa mtu wa nyumbani kwake: kwanza baba, kisha mke, kisha mabinti. Kazi ilifuata nyuma. Uzi huu ni wa hilo.

Nashusha kwa vipande maana ni mrefu. Maswali ruksa.

KIJIJINI

Jina alilopewa alipozaliwa ni Wong Gen Yeo. Kwao ni Taishan, jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Taishan na wilaya za jirani ndiko walikotoka Wachina wengi sana walioingia Marekani karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wanaume walianza kwa kufuata dhahabu ya California, wakajenga ile reli ya kuvuka bara iliyokamilika 1869, baadaye wakafungua madobi na migahawa. Wake zao walibaki kijijini. Mume anarudi baada ya miaka, anakaa kidogo, mke anashika mimba, mume anapanda tena meli. Hela inatumwa, nyumba nzuri inajengwa, na ndani ya nyumba hiyo wanaishi mama, watoto na bibi. Kuna vijiji vizima viliishi hivyo kwa vizazi viwili vitatu.

Mwaka 1920 baba yake Gen Yeo aliamua kumchukua kijana wake. Mtoto alikuwa na miaka 9, akatimiza 10 mwaka huohuo. Mama na dada yake walibaki Taishan. Hakuwaona tena mpaka anaingia kaburini.

SHERIA NA KARATASI

Hapa muelewe kilichokuwepo, la sivyo habari yote haitaeleweka. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie. Mlango uliachwa wazi kidogo kwa wafanyabiashara, wanafunzi, walimu, wanadiplomasia na watalii, pamoja na watoto wa wale waliokwisha kuwa raia kwa kuzaliwa. Kibarua wa kawaida hakuwa na pa kupita.

Tarehe 18 Aprili 1906 San Francisco ikapigwa na tetemeko, ukafuata moto ulioteketeza kumbukumbu za serikali. Kuanzia hapo Mchina aliyekuwepo mjini aliweza kusema amezaliwa palepale, na hapakuwa na daftari la kumkanusha. Akishakuwa raia kwa njia hiyo, kila akitoka China anaripoti uhamiajini kwamba ameacha mtoto wa kiume. Mtoto huyo huenda hayupo. Nafasi yake inabaki kwenye faili, na nafasi hiyo inauzwa kwa familia nyingine yenye kijana. Walioingia hivyo wakaitwa watoto wa karatasi.

Gen Yeo alipanda meli akiwa mtoto wa karatasi. Kwenye karatasi baba yake alikuwa Look Get na yeye akawa Look Tai Yow.

#2 BabaSalome

Mkuu nimeweka kambi hapa. Miaka 9 unambebesha mtoto jina la uongo na historia ya uongo ya kukariri, halafu unampeleka mbele ya maofisa. Baba yake alikuwa na moyo wa chuma.

#3 MtuWaFeri

BabaSalome, subiri uone walipofika.

KISIWANI

Meli iliwafikisha ghuba ya San Francisco mwishoni mwa Desemba 1920. Wazungu wa daraja la juu walikaguliwa humohumo melini wakashuka mjini. Wachina walipelekwa kwa boti kwenye kisiwa kinaitwa Angel Island, kituo cha uhamiaji kilichofanya kazi kuanzia 1910 hadi 1940. Majengo ya mbao, vitanda vya chuma vya kupandana, uzio, na mlango unaofungwa kwa nje.

Baba alikuwa amewahi kuishi Marekani, kwa hiyo yeye aliachiwa mapema. Mtoto akabaki. Karibu mwezi mzima mtoto wa miaka 10, peke yake, lugha haijui, baba yuko ng'ambo ya maji na haruhusiwi kumwona. Uzeeni alipokuwa akihojiwa kuhusu siku zile alipaita jela, na hakupaka sukari.

Tarehe 27 Januari 1921 wakamwita kwenye mahojiano. Sijawahi kusoma maswali ya kisiwa kile nikabaki mtulivu. Nyumba yenu inatazama upande gani? Ngazi za mlangoni ni ngapi? Kisima kiko umbali gani? Nyumba ya tatu safu ya pili anaishi nani, ana watoto wangapi, mke wake ana miguu iliyofungwa (ile desturi ya kubana miguu ya wasichana isikue) au ya kawaida? Pipa la mchele liko chumba gani? Baba au shahidi mwingine anaulizwa hayohayo kando, kisha majibu yanalinganishwa. Yakipishana, meli ya kurudi inakusubiri. Ndiyo maana familia zilinunua vidaftari vya majibu, watu wakakariri baharini mwezi mzima na kuvitupa majini kabla ya kutia nanga. Wengine walipenyezewa karatasi za majibu ndani ya chakula hata baada ya kufungiwa kisiwani.

Alifaulu. Wakampa karatasi za Look Tai Yow, akavuka kwa baba yake.

#4 MkongoWaOhio

Ndugu yangu, umenigusa mahali. Mimi nimetokea Nyarugusu, nimekaa kambi kule Kasulu miaka mingi mbele ya kupata safari. Ile interviu unayosema, sisi pia tuliipita. Wanakutenganisha na bibi yako, ni kusema mke, wanakuuliza: siku mnakimbia Fizi mvua ilikuwa inanyesha ao hapana? Nani alibeba mtoto mdogo? Nyumba ilikuwa na milango ngapi? Bibi yangu alisema miwili, mimi nilisema mmoja, sababu ule wa jikoni mimi sikuhesabia. Tulikaa tukingojea karibu mwaka juu ya mlango ule wa jikoni.

Na kuna wengi kambini waliokuwa wakilea watoto wa ndugu waliouawa. Mtoto amekua mikononi mwako tangu ananyonya, lakini kwenye fomu hana mahali. Watu walimwandika kama wa tumbo lao. Utamwacha na nani?

#5 MtuWaFeri

Pole sana ndugu, na asante kwa kuliweka wazi. Hilo la fomu lilikuja kulipuka hapahapa kwetu. Mwaka 2008 Marekani ilifanya majaribio ya vipimo vya vinasaba kwa wakimbizi, wakianzia Nairobi, kwa wale walioomba kuungana na ndugu walioko Marekani. Kesi nyingi hazikuthibitika, au watu walikataa kupimwa, na mpango wote ukasimamishwa mwaka huohuo. Ukaja kufunguliwa 2012, safari hii kipimo kikiwa ni sharti. Ndani ya zile kesi "zisizothibitika" walikuwemo watoto wa aina uliyoitaja, yatima waliolelewa na shangazi na wajomba. Nionavyo mimi, anayeandika fomu hajawahi kulea mtoto wa marehemu ndugu yake.

Tuendelee.

MAJI KWENYE GAZETI

Baba na mwana walianzia Sacramento, na huko shuleni mwalimu ndiye aliyemgeuza kutoka Tai Yow kuwa Tyrus. Baadaye wakahamia Los Angeles. Waliishi nyumba ya kupanga vyumba mtaa wa Wachina, upande mmoja bucha, upande wa pili danguro. Baba alikuwa mtu wa vibarua.

Sasa sikilizeni hiki. Baba alitaka kijana asipoteze mwandiko wa brashi wa Kichina. Wino ulikuwa ghali, karatasi nzuri ndiyo usiseme. Kila usiku alimkalisha na gazeti la zamani, brashi, na bakuli la maji. Kijana anaandika herufi kwa maji juu ya gazeti. Gazeti likilowa, herufi inaonekana nyeusi kidogo, baba anaiangalia, anasahihisha: hapa umebonyeza mno, hapa umeinua mkono mapema. Kabla hujamaliza mstari, herufi ya kwanza imekauka na kupotea, gazeti liko tayari kutumika tena. Miaka na miaka.

Mtu aliyezoea mstari unaokauka anajifunza kuweka mkono mara moja na kuutoa, na hakuna nafasi ya kurekebisha. Ukitazama picha zake za miaka ya 30, farasi mzima amesimama kwa mapigo machache ya brashi. Chuo walikuja kumfundisha rangi za mafuta na anatomia. Mkono aliutoa kwa baba.

Chuo chenyewe ni Otis Art Institute. Alikuwa sekondari ya chini kule Pasadena walipomwona ana kipaji, akapata ufadhili wa kusoma Otis wakati wa likizo ya kiangazi. Likizo ilipokwisha akakataa kurudi shule. Baba angeweza kukasirika, na nadhani wazazi wengi wa wakati wowote wangekasirika. Yeye akakusanya na kukopa huku na huku mpaka zikapatikana dola 90 za ada. Kwa kibarua wa Kichina miaka ile hizo ni hela za kutisha. Baadaye chuo kikampa ufadhili kamili, naye akawa anafagia na kusafisha palepale chuoni ili aishi. Mwaka 1932 kazi yake ilitundikwa kwenye maonyesho Art Institute of Chicago, maonyesho yaliyokuwa pia na kazi za Picasso na Matisse, wachoraji wakubwa wa Ulaya.

#6 ZainabuTanga

Kaka, uzi mzuri, ila nina duku duku. Unamsifia baba kwa dola 90 na gazeti la maji. Sawa. Na yule mama aliyeachwa Taishan na binti? Huyo naye si familia? Mimi ni mama wa watoto wanne, mume wangu alikwenda Muscat kutafuta, kwa hiyo naongea kitu ninachokijua. Anayebaki ndiye anayebeba nyumba, na hadithi zenu hizi huwa zinamwacha mlangoni.

#7 MtuWaFeri

Dada Zainabu, swali lako ni la haki na ndilo zito kuliko yote kwenye habari hii.

Hata kama baba angetaka kumleta mke, sheria ilizidi kubana. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria nyingine iliyomfungia nje mgeni yeyote "asiyestahili uraia", na Wachina kwa sheria walikuwa hawastahili. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikathibitisha kwamba hata mke wa Mchina aliyezaliwa Marekani, raia kamili, asiingie. Walioponea ni wake wa wafanyabiashara. Matokeo yake mitaa ya Wachina ilijaa wanaume wanaozeeka bila wake, wake zao wakizeeka ng'ambo.

Halafu mlango ukafungwa na kwa upande wa pili. 1937 Japani iliivamia China kwa vita kamili. Sheria ya 1882 ilipofutwa Desemba 1943 kwa kuwa China sasa ni mshirika vitani, Wachina walipewa nafasi 105 kwa mwaka. Wachina wa dunia nzima! 1949 yakaja mapinduzi, na Marekani na China hazikuwa na uhusiano rasmi hadi 1979. Mtoto aliyeondoka 1920 alikuwa na miaka 33 sheria ilipofutwa, na karibu 70 balozi zilipofunguliwa.

Hayo hayamfuti mama. Walioandika habari zake walimfuata mwana, kwa hiyo tunajua alichofanya mwana. Mama aliyemfungia mtoto wake mzigo akijua huenda hamwoni tena alitoa kikubwa kuliko dola 90, na hakuna jumba la makumbusho lililomwekea picha. Nakubaliana nawe kabisa.

#8 ZainabuTanga

Ahsante kwa kunijibu kwa heshima. Endelea, nasoma.

#9 Chaki_na_Ubao

Mimi ni mwalimu wa sanaa. Mleta uzi, kabla hujafika kwenye katuni tafadhali waeleze watu yule mzee aliingia kule kufanya kazi gani hasa, maana wengi wanadhani alikaribishwa kama msanii mkubwa.

#10 MtuWaFeri

Mwalimu, ndiko ninakokwenda.

RUTH NA PICHA ZA KATIKATI

Miaka ya 30 Los Angeles ilikuwa na mgahawa unaitwa Dragon's Den, mtaa wa Wachina, chini ya ardhi, ambako watu wa sinema walipenda kula. Tyrus na wenzake walichora kuta zake, naye akahudumu mezani. Katika duru hizo akakutana na Ruth Kim, binti wa Kichina mzaliwa wa California. Walifunga ndoa Juni 1937.

Kwa wanaopenda sheria: hadi 1931, mwanamke raia wa Marekani aliyeolewa na mwanamume "asiyestahili uraia" alikuwa anapoteza uraia wake. Ruth aliolewa miaka sita baadaye, akaponea. Uraia wa Tyrus mwenyewe ulipatikana 1946.

Mpaka anaoa Tyrus alikuwa msanii huru anayeheshimiwa, lakini heshima hailipi kodi. Familia ilipoanza, akahitaji mshahara wa kila wiki. Mwaka 1938 akaingia Disney, studio ya katuni, kama mchoraji wa picha za katikati. Kazi yenyewe ni hii: sekunde moja ya filamu ina picha 24. Mchoraji mkuu anachora Mickey Mouse mkono ukiwa chini, kisha anamchora mkono ukiwa juu. Zote za katikati, mkono ukipanda kidogo kidogo, anachora kijana wa katikati juu ya meza yenye taa chini ya karatasi. Kutwa nzima. Macho yanawaka. Mtu aliyetundikwa ukumbi mmoja na Picasso anakaa kusogeza mkono wa panya nusu milimita. Hakuipenda hata kidogo, na aliifanya kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga.

Hapo akasikia studio inahangaika na Bambi. Wachoraji walikuwa wanachora msitu jani kwa jani, na paa wanamezwa na majani, hawaonekani. Tyrus akachukua kitabu cha Felix Salten ambacho filamu ilitokana nacho, akakisoma, na usiku nyumbani baada ya kutwa ya Mickey akachora vipicha vidogo vidogo vya rangi. Aliyafuata mandhari ya wachoraji wa China ya kale, enzi ya Song, milima inayoyeyuka ndani ya ukungu, ambayo msanii hakamilishi ili mtazamaji akamilishe. Paa mdogo kwenye uwazi, giza linamzunguka, mwanga unamdondokea yeye tu. Akavipeleka kwa mkuu wa sanaa. Walt Disney alipoviona akavipenda, na filamu nzima ikafuata mwelekeo ule, kuanzia rangi hadi hali ya muziki.

Filamu ilipotoka 1942 jina lake lilikuwepo, katikati ya orodha ya wachora mandhari ya nyuma, kama mmoja tu wao. Na yeye hakuwepo tena studio. Mwaka 1941 wachoraji wa Disney waligoma. Tyrus hakugoma, lakini mgomo ulipokwisha akafukuzwa kazi.

#11 BabaSalome

Yaani ameipa filamu sura yote, hakugoma, na bado wamemtupa nje? Hapana. Angewashitaki. Angepiga kelele magazetini.

#12 Mjukuu_wa_Mzee

Na filamu yenyewe ni ya mtoto anayempoteza mama yake msituni. Mwenyewe mama yake kamwacha akiwa na miaka 9. Sidhani kama ni bahati tu.

#13 MtuWaFeri

Mjukuu_wa_Mzee, wengi wameliona hilo na mimi naliona. Ila sitaki kumwekea mzee maneno mdomoni. Naishia kwenye kazi ya mikono: mtu anayejua mtoto anavyokuwa mdogo mahali pakubwa ndiye aliyeacha msitu uwe mkubwa na kumchora paa mdogo.

BabaSalome, kelele angepiga kwa nani? Mwaka 1941 hakuwa raia na kwa sheria hakuweza kuwa raia. Ameingia kwa jina la karatasi. Wakili wa upande wa pili akiomba faili lake la uhamiaji, mambo yamekwisha, na nyumbani kuna mke na mtoto mdogo. Watu wanakisoma kimya chake kama unyonge. Mimi nakisoma kama ulinzi wa nyumba. Miaka ya 50 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwataka watoto wa karatasi wajitokeze na kukiri, na mmoja akikiri alikuwa anafichua ukoo mzima ulioingia kwa karatasi zilezile. Wachina wa kizazi kile walikuwa na sababu za kunyamaza ambazo sisi hatujawahi kuzibeba.

KAZI, NYUMBA, KADI

Mwaka 1942 akaajiriwa Warner Bros., studio nyingine ya filamu, akakaa hadi kustaafu 1968. Kazi yake ilikuwa kuchora matukio ya filamu kabla hayajapigwa: taa itokee wapi, mtu asimame wapi, mtaa ufanane vipi usiku. Wapiga picha na wajenzi wa seti walifanya kazi kutokana na michoro yake. Matusi ya rangi alikutana nayo kazini, na aliyameza.

Nyumba ikawa vita nyingine. Baada ya vita vya dunia yeye na Ruth walitafuta pa kuishi na watoto wakawa wanakataliwa kwa sababu ni Wachina. Hati nyingi za viwanja Los Angeles ziliandikwa kabisa kwamba eneo haliuzwi kwa asiye Mzungu, na hadi 1948 ndipo Mahakama Kuu ilipozuia mahakama kusimamia masharti hayo. Mwishowe wakapata nyumba Sunland, chini ya milima, kaskazini mwa mji. Hiyo ndiyo nyumba aliyolelea mabinti zake watatu na ndiyo aliyofia.

Na mshahara wa studio haukumtosheleza, jioni akachora kadi za Krismasi. Ajabu ni kwamba kadi hizi ndizo zilizoingia kwenye nyumba nyingi kuliko kitu kingine alichosaini kwa jina lake. Moja yake, katika miaka ya 50, iliuza nakala zaidi ya milioni. Mchungaji mdogo, mti mmoja, nyota, na nafasi tupu kubwa. Alichora pia vyombo vya udongo, sahani na bakuli. Hakuna kazi aliyoiona ndogo ikiwa inalipa ada ya shule.

#14 Chaki_na_Ubao

Kadi zile nimezionyesha darasani. Wanafunzi huwa wanauliza mbona upande mmoja hajachora kitu. Nawaambia wazibe upande huo kwa karatasi, waone picha inavyokosa hewa.

#15 MtuWaFeri

Mwalimu ungetuwekea uzi wako na wewe.

VISHADA, NA MIAKA YA RUTH

Alipostaafu akaanza kutengeneza vishada, au tiara kama wengine tulivyoviita utotoni. Hapa mzee aliachia moyo. Mianzi aliichana mwenyewe, akaipinda, akaunga na kupaka rangi: vipepeo, samaki wa dhahabu, mbayuwayu, panda, na tandu mwenye urefu wa makumi ya mita, kila pingili ni duara lake lenye miguu ya manyoya. Jumamosi alikwenda kuvirusha pwani ya Santa Monica, watoto wanamzunguka. Alipenda kusema kurusha kishada ni kama kuvua samaki, tofauti ni kwamba unatazama juu.

Kisha Ruth akaanza kusahau. Ugonjwa wa uzeeni, ule unaomla mtu akili polepole. Tyrus akaweka brashi chini akamuuguza. Mtu ambaye hakuacha kuchora alipofagia chuo, hakuacha alipofukuzwa studio, hakuacha kwa mshahara mdogo wala kwa matusi, aliacha kwa ajili ya kumlisha na kumvalisha mke wake. Ruth alifariki Januari 1995, wakiwa wameishi pamoja zaidi ya miaka 57. Baada ya hapo ilichukua muda ndipo mikono ikarudi kwenye mianzi.

Nikiulizwa Tyrus Wong alikuwa nani, hii ndiyo sehemu ninayoitaja kwanza.

#16 ZainabuTanga

Mama yangu mzazi yupo kwenye hali hiyohiyo. Kuna siku ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, nami naitika. Kumwogesha mtu mzima anayekuogopa kwa sababu hakujui ni kazi inayochosha mpaka mifupa. Na huyo mzee alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 80. Mungu amrehemu.

#17 MtuWaFeri

Amina. Na mama yako Mungu akupe nguvu ya kuendelea kumtunza, dada.

MIAKA YA MWISHO

Sifa zilikuja jioni kabisa. Mwaka 2001 Disney ilimtangaza miongoni mwa magwiji wake, miaka 60 baada ya kumfukuza. Baadaye makumbusho ya Wachina wa Marekani, Los Angeles, yakamfanyia maonyesho makubwa, na mwaka 2013 makumbusho ya familia ya Disney kule San Francisco yakafuata. Akiwa na zaidi ya miaka 100 bado alikuwa anatoka pwani na vishada, mabinti wakimsaidia kubeba. Mwaka 2015 ikatoka filamu ya maisha yake, Tyrus, ya Pamela Tom, na aliwahi kuiona. Alifariki nyumbani Sunland mwaka uliofuata, akaacha mabinti watatu na wajukuu.

#18 MkongoWaOhio

Swali la mwisho ndugu. Kile kisiwa bado kipo? Bibi yangu anasema siku moja twende, watoto waone kwamba si sisi wa kwanza kuulizwa milango.

#19 MtuWaFeri

Kipo, na nendeni. Unapanda feri ukitokea San Francisco au Tiburon, kisha unatembea kidogo hadi upande wa kaskazini mashariki. Jengo la utawala liliungua Agosti 1940, na kituo kikafungwa. Kambi ya kulala ikabaki, ikasahauliwa, ikapangiwa kubomolewa. Mwaka 1970 mlinzi wa hifadhi, Alexander Weiss, aliingia ndani na tochi akakuta kuta zimejaa maandishi ya Kichina yaliyochongwa kwenye mbao, mistari kwa mistari, juu yake tabaka za rangi. Yalikuwa mashairi ya waliofungiwa. Mtu ameandika kwamba amekaa wiki kadhaa na hajui kesho, mwingine anawakumbuka wazazi, mwingine ana hasira. Wakubwa zake hawakulipa uzito, akawatafuta watu wa chuo wakapiga picha, jamii ya Wachina ikapigania jengo lisibomolewe. Tangu 1997 ni eneo la kumbukumbu la taifa, na mashairi yanasomeka ukutani mpaka leo.

Na kama mtu ana rafiki wa Kichina anayetafuta babu yake: mafaili ya mahojiano yenyewe, pamoja na picha na michoro ya vijiji ambayo waliohojiwa walilazimishwa kuchora, yamehifadhiwa kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa kule San Bruno, California. Watu wanaenda, wanaandika jina la karatasi kwenye fomu, na wanaletewa faili mezani.

Wapelekeni watoto kwenye chumba cha vitanda. 

#20 MkongoWaOhio

Tutaenda likizo ya mwezi wa saba. Nitaleta picha hapahapa.

#21 BabaSalome

Tunasubiri picha mkuu. Mods, huu uzi ubandikwe juu.